Mwiko Uliousahau Jikoni

Nyemo mwanangu,

Barua hii anakuletea baba yako. Nimemkataza asiisome, kwa hiyo ataisoma, tena atakuwa ameshavaa miwani kabla basi halijatoka kituoni. Msamehe. Ndani ya mfuko kuna kitu kingine nimekifunga kwa taulo. Soma kwanza, ndipo ukifungue. Najua utakifungua kwanza.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza changu ni cha usukani: "move down inside, please", basi. Nikigombana na wewe kwa Kiingereza nashindwa kabla sijaanza, na nikiomba radhi kwa Kiingereza naonekana kama mtu aliyemkanyaga mwenzake kwenye treni, sorry, sorry, kisha kila mmoja anarudi kwenye simu yake. Ukikwama kwenye neno muulize bibi yake Hetal, huyo rafiki yako uliyehamia kwao. Kiswahili chake cha dukani Tanga kitakuvusha. Nasikia mnazungumza vizuri sana ninyi wawili, na hilo nitalifikia.

Habari za sweta, dawa ya tumbo na kupiga simu ukifika siziandiki. Hizo baba yako atakuimbia mpaka uchoke. Kesho unakwenda kukaa Albania mwaka mzima, na tangu Jumapili mimi na wewe hatujasemezana. Ninaogopa utaondoka hivyo hivyo. Hicho ndicho kilichonikalisha hapa mezani jioni hii na bado nimevaa sare ya kazi.

Nianze na yale usiyoyajua. Siku uliyopata kazi uliingia jikoni ukasema, "Mum, I got it, the synagogue in Albania." Mimi nikasikia sinagogi, Albania ikanipita. Jumapili iliyofuata tulikuwa tunapanga viti ukumbini kabla ya ibada, nikamwambia Mama Furaha kwamba mwanangu anakwenda kuchimbua sinagogi la kale lililofukiwa ardhini. Unamjua Mama Furaha na Kiswahili chake cha Bukavu. Akashika kifua. "Ile ya Kapernaumu? Ile Yesu alifundishaka ndani?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema sijui, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Mimi nikatabasamu. Lile tabasamu likazunguka ukumbi mzima, na haukupita muda mchungaji akatangaza kwamba binti yetu anakwenda kuchimba pale alipokanyaga Bwana. Wewe siku hiyo ulikuwa kazini. Watu wakapiga makofi, na mimi nikainuka nikapunga mkono kama mke wa mbunge. Ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Watu ambao watoto wao ni wanasheria na wafamasia waliniangalia mimi, dereva wa basi, kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa Tottenham hii yetu ya London.

Mpaka hapo kila mtu aliyekuwa ananiuliza unafanya nini nilikuwa namwambia "anasoma mambo ya kale" na kubadilisha mazungumzo. Baba yako alipompigia shangazi yako wa Mpwapwa kumwambia umeajiriwa kuchimba, shangazi akauliza, "Kuchimba dawa?" Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa aibu kidogo. Halafu ghafla kazi yako ikawa na Yesu ndani yake. Nikaona sasa naweza kuieleza. Ndiyo maana sikusahihisha.

Basi ikaja sherehe ya kukuaga, Jumapili hii iliyopita. Yaliyotokea unayajua, ila hujui yalionekanaje ukiwa umekaa kwenye kiti changu. Mama Furaha alikuja na chupa tupu, "Mutoto, uniletee mayi ya Yordani, ata kiloko tu." Yule mzee wa kanisa mwenye fimbo akataka kijiwe. Mwingine alikuwa na karatasi ya maombi uichomeke kwenye ule ukuta wa Yerusalemu. Ukaniangalia. Mimi nikaangalia keki.

Ndipo uliposimama. Ulisema kwa adabu, siwezi kukusingizia, lakini ulisema yote na hukubakiza. Kwamba si Israeli. Kwamba Yesu hakufika huko, na sinagogi lenyewe lilijengwa karne nyingi baada yake. Kwamba mtu anayeondoka na jiwe kutoka mahali pa uchimbaji ni mwizi. "It's stealing," ukasema, na yule mzee amekaa mbele yako na suti yake ya harusi. Mtu mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake, "Kwani Albania si karibu na Galilaya?"

Tulipofika nyumbani nikakuambia maneno. Nikasema, kama Yesu hakufika, wewe unafuata nini huko? Nikasema sikuendesha basi kwenye baridi yote hii ili mwanangu awe mchimba mashimo ya watu waliokufa. Ulikuwa umeshika begi. Hukupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. Ukasema, "You never asked me which one, Mum. Not once." Ukaenda Neasden kwa Hetal. Baba yako akazima televisheni, akasema, "Umeona sasa," akaenda kulala.

Nisamehe kwa maneno yale. Sikuyamaanisha, ila niliyasema, na mdomo hauna namna ya kuyarudisha ndani. Wewe mwenyewe uliniambia habari ya vitu visivyorudishika. Ulisema mkishaondoa tabaka moja la udongo halirudi tena, kwa hiyo mnachora, mnapima, mnaandika kila kitu kabla ya kugusa. Umeona? Kumbe nilikuwa nasikiliza kidogo.

Nimekaa nikijaribu kukumbuka kama kweli sikuwahi kuuliza. Ni kweli. Lakini wewe ulieleza bila kuulizwa, mara moja, hapa hapa mezani. Unakumbuka vitambaa vya plastiki? Nilikuwa nimenunua kipya sokoni, chenye malimau, nikakitandika juu ya kile cha zamani kama ninavyofanya siku zote. Ukacheka. Ukainua pembe ya malimau, chini kukawa na maua mekundu. Ukainua maua, chini kukawa na kile cha miraba ya bluu, na juu yake ile michoro yako ya kalamu ya wino ya ulipokuwa chekechea, mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayotokea shingoni. Ukasema, "Mum, this is literally my job."

Halafu ukanieleza. Kwamba Wayahudi wa huo mji unaokwenda walijenga nyumba yao ya ibada, wakaipamba sakafu kwa vijiwe vidogo vya rangi, na katikati wakachora kinara cha taa chenye matawi saba. Baadaye nyumba ikawa kanisa. Walioifanya kanisa hawakuing'oa sakafu ile. Walitandika nyingine juu yake, ikalala humo chini salama mpaka wachimbaji wenzako wakaifikia. Nikakuuliza kama walifanya hivyo kwa heshima. Ukasema hakuna anayejua, huenda ni heshima, huenda ni haraka, huenda kubomoa kulikuwa kazi kubwa mno. Nikakwambia mimi vitambaa sivitoi kwa uvivu. Ukacheka tena. Kisha nikaangalia saa, nikachukua koti, nikaenda kazini, na kwenye basi sikulifikiria tena. Nilikuwa na maelezo yote kuhusu kazi yako juu ya meza yangu mwenyewe, nikayaacha hapo kama vyombo.

Juzi nilikuwa kwenye ruti yangu, nimesimama kwenye taa nyekundu karibu na lile jengo la matofali linalouza mazulia. Nimelipita miaka yote. Kwa sababu ya hasira nilikuwa natazama juu badala ya kuwatazama watu, nikaona, juu kabisa chini ya paa, nyota ya pembe sita imejengwa ndani ya matofali. Imekuwepo muda wote. Nyuma ya kiti changu alikuwa amekaa mzee mmoja Myahudi mwenye kofia nyeusi, abiria wangu wa kawaida, hunisalimia kila akipanda. Nikamuuliza kupitia kioo kama palikuwa sinagogi pale. Akasema, "My mother was married there." Taa ikawaka kijani, nikaondoka. Nilitaka sana kukupigia. Nilikuwa na habari ya kukupa kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimekukasirikia.

Sasa nikuambie jambo la bibi yako wa Mpwapwa, mama yangu. Nilipofika London nilikuwa nampigia simu kila mwisho wa wiki. Siku moja akasema nikionana na Malkia nipige naye picha, aiweke ukutani. Alikuwa na uhakika kwamba anayeishi London humwona Malkia akienda sokoni. Mimi nilikuwa nimetoka kazini, wakati ule nilikuwa nafagia maofisi, nimechoka, nina njaa, na nikamwambia. Nikamweleza ukubwa wa London, nikamweleza walinzi, nikamweleza kwamba mtu kama mimi hata getini hafiki. Kila neno lilikuwa kweli. Akasema, "Sawa, mama." Aliniita mama pale alipokuwa na huzuni, ndivyo alivyokuwa.

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za London. Alikuwa anauliza kama nimekula. Miaka yote iliyobaki mpaka anakufa, kama nimekula tu. Mimi nilidhani nimemwelimisha, kumbe nilimfungia mlango. Angebaki kuniuliza mambo ya kijinga ningekuwa nimemwambia mengi kabla hajafa.

Sikuandikii hili ili kusema na wewe ulikosea ukumbini. Kosa lilikuwa langu, nililianzisha mimi na tabasamu langu, ukajikuta wewe ndiye wa kulizima mbele za watu. Na jiwe ni kweli ni wizi. Ila kuna kitu hukukiona kwa sababu ulikuwa umesimama na mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Furaha. Ile chupa yake alikuwa ameiosha. Alikuwa ametoa karatasi yake yote, hata gundi ameisugua, mpaka ikawa ya kung'aa. Ulipomaliza kusema aliirudisha kwenye mkoba taratibu ili isigonge kitu ikatoa sauti. Huko uendako watakuja wenyeji na mambo yao ya ajabu kuhusu mahali mnapochimba, nadhani hakuna nchi isiyo nayo. Waambie ukweli. Ila kwanza angalia mtu amekuja na nini mkononi.

Jana nilikwenda kwake. Nimemwambia nilimdanganya, kwamba wewe hukuwahi kusema Kapernaumu, ni mimi nilinyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anapanga nguo. Kisha akasema, "Sasa uko Albania mayi hakuna?" Nikamwambia nadhani yapo. Akaingia chumbani, akatoka na chupa. "Jiwe asikamate, ni sawa, jiwe iko ya wenyewe. Anitie mayi ya robinet, ya bomba tu. Nitajua tu ilitoka kwenye mutoto wetu iko natumika kazi yake." Kwa hiyo chupa imo humo kwenye mfuko, pembeni ya hicho kilichofungwa kwa taulo. Mchungaji nitamwambia Jumapili, mbele ya wote, kwa sababu makofi niliyapokea mbele ya wote.

Nifike kwenye mwiko.

Uliporudi kutoka kwenye uchimbaji wako wa kwanza, ule wa chuo, uliniuliza kwa Kiswahili, "Mama, umeona mwiko wangu?" Nilifurahi kusikia neno, nikakupa mwiko wa ugali. Ukasema si huo, wa fundi, wa kuchimbia. Ulikuwa umelitafuta kwenye kamusi ili unifurahishe. Tukautafuta nyumba nzima na mimi nikiwa najua uliko ila naona aibu kusema, kwa sababu ulikuwa ndani ya sinki. Nilikuwa nimekwangulia ukoko. Nyumbani mwiko ni mwiko, kidude cha chuma chenye ncha kimewekwa kwenye karo la vyombo, mimi ningejuaje? Ulishika kichwa. Ukaniambia ncha ile umeinoa mwenyewe na kila mchimbaji ana wake, hauazimwi. Halafu ukaitazama sufuria ukasema haijawahi kutakata hivyo. Tulicheka mpaka baba yako akaja kuuliza kulikoni. Ukaniuliza kwa nini kijiko cha ugali, chombo cha mwashi na jambo lililokatazwa vyote vinaitwa mwiko.

Leo mchana bibi yake Hetal alinipigia. Hatujawahi kupigiana, nikajua pana jambo. "Mama Nyemo," akasema, "mtoto yako iko hapa, wewe usiogope. Kula kidogo tu. Leo natafuta mwiko yake kila pahali, kwa begi, chini ya kitanda. Mimi nasema mwiko si hii hapa, nampa ya jikoni. Anacheka sana. Halafu analia."

Nikamuuliza, mnaongea Kiswahili na Nyemo? "Sasa ataongea nini na mimi? Kingereza yangu mimi iko mbaya."

Nilisikia wivu, nikuambie ukweli. Mimi nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza tangu ulipoanza shule, nikadhani kimekukataa. Kumbe kipo, na kuna bibi wa Kigujarati anakifaidi bure huko Neasden. Baada ya wivu nikaelewa. Yeye anakuuliza mambo, na anasubiri jibu. Mimi nilikuwa nakuagiza tu: funga mlango, kula, wahi, vaa. Hayo mtu anayajibu kwa lugha yoyote iliyo karibu.

Basi nikafungua droo ya vijiko, na mwiko wako ulikuwemo, katikati ya upawa na mwiko wa ugali. Uliusahau jikoni, na mimi mwenyewe niliuosha na vyombo nikauweka humo. Mpini wake umefungwa ile tepu nyekundu, na ncha imeisha upande mmoja kwa kazi. Nilikaa nao muda mrefu hapa mezani. Na nikawaza jambo baya. Niliwaza nisimwambie yeyote. Bila mwiko huondoki, nilijua utakuja kuutafuta hapa nyumbani, leo usiku au kesho asubuhi, nami ningekuwa jikoni, ningekuwa nimepika, na ungeingia ukanikuta. Mpango wote nilikuwa nao kichwani mpaka mboga ya kupika. Baba yako aliponiona nimeushika akasema, "Nipe nimpelekee mtoto kitu chake." Nikamwambia subiri kwanza niandike.

Hiyo ndiyo barua yenyewe hii.

Mwiko nimeufuta, sikuunoa, maana hauazimwi na sijui kunoa. Uweke kwenye begi la kwenda chini ya ndege, wasije wakakunyang'anya. Samahani, nilisema sitatoa maagizo.

Treni yako ya kesho ya uwanja wa ndege wa Stansted inasimama Tottenham Hale hapa kwetu, unajua kuliko mimi. Unaweza kupandia Liverpool Street ukanipita pale bila kushuka, au unaweza kuja na Victoria line, ile treni ya chini ya ardhi, ukabadilishia hapo. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Kuanzia asubuhi nitakuwa pale juu ya ngazi wanapotokea watu wa Victoria line, nimevaa koti la bluu. Nina swali moja, nalo nimechelewa nalo kwa miaka: ni sinagogi lipi, na waliokuwa wanasali humo walikuwa watu wa namna gani? Unijibu kwa lugha unayotaka. Na treni ikifika kabla hujamaliza, utapanda ya pili, au nitapanda na wewe.

Nilitaka kukuambia kwamba kwetu ni mwiko mtoto kuondoka bila kuagana na mama yake. Nimeliacha neno hilo, lisije likawa kamba ya kukuvutia. Vitu vyako vyote sasa unavyo. Nimekagua droo, nimeangalia chini ya kitanda chako, nimepekua hata kwenye kapu la nguo. Hakuna kitu chako kilichobaki huku cha kukufanya urudi. Ukishuka Tottenham Hale kesho, utakuwa umeshuka kwa ajili yangu.

Mama yako